Out of the Past: ukipotea humo ndani, fuata karatasi

Kuna mahali ambapo karibu kila mtazamaji wa filamu ya Out of the Past hupotea. Ni kwenye nusu ya pili. Jeff, mhusika mkuu, amefika San Francisco, anaingia nyumbani kwa mhasibu mmoja ambaye hatujawahi kumwona, wanakunywa kidogo, anatoka. Akirudi, mhasibu amekufa. Jeff anauficha mwili, na ghafla watu wote wanagombania karatasi za aina mbili ambazo hakuna aliyetuonyesha vizuri. Hapo mtu humgeukia aliyekaa kando yake na kuuliza: huyu marehemu ni nani, na hizo karatasi ni za nini? Aliyekaa kando naye hajui.

Filamu yenyewe haijakosea hesabu. Kila kitu kimesemwa, ila kimesemwa mara moja tu, kwa sentensi fupi, na mara nyingi na mtu anayevuta sigara huku akiangalia kwingine.

Ni filamu ya mwaka 1947, ya kampuni ya RKO, dakika 97, rangi nyeusi na nyeupe. Mwongozaji ni Jacques Tourneur, mzaliwa wa Paris, mtoto wa mwongozaji mwingine, Maurice Tourneur. Hadithi iliandikwa na Daniel Mainwaring kutoka kwenye riwaya yake mwenyewe, Build My Gallows High, ya mwaka 1946, ambayo aliitoa kwa jina la kalamu la Geoffrey Homes. Kwa Kifaransa utaikuta kwa majina mawili: La Griffe du passé, au Pendez-moi haut et court. Ni filamu ileile, usiilipie mara mbili.

Wenye kusoma Kifaransa, na huku kwetu Lubumbashi ni wengi, watakuta imeandikwa pia kuwa ni film noir. Haimaanishi filamu ya watu Weusi. Jina hilo lilianza kutumika Ufaransa mwaka 1946, kwenye makala ya Nino Frank, kwa filamu za Marekani za uhalifu zilizojaa giza: giza la picha, na giza la watu wenyewe.

Watazamaji wengi hujaribu kuifuata kwa kuwafuata watu: nani anampenda nani, nani yuko upande wa nani. Njia hiyo haifiki, kwa sababu watu wa humu hubadili maneno kila baada ya dakika kumi. Karatasi ndizo hukaa pale zilipowekwa, hata ile ya uongo. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa jambo hilo. Unaweza kuwa na wazee kumi wa kukushuhudia kwamba kiwanja ni cha baba yako. Jirani akija na karatasi yenye muhuri, wazee wako watabaki wamekaa kwenye viti vyao. Basi itazame filamu hii kama kesi ya kiwanja: uliza kila mara ni karatasi gani, ina jina la nani, na sasa iko mkononi mwa nani.

Jina kwenye kibao

Filamu inaanzia Bridgeport, mji mdogo wa milimani huko California, karibu na mpaka wa Nevada. Mwanamume mmoja mwenye koti jeusi, Joe Stefanos, anasimamisha gari kwenye kituo cha mafuta. Juu kuna kibao: Jeff Bailey. Kijana anayefanya kazi hapo ni bubu na hasikii. Hana jina katika filamu nzima, wanamwita Kijana tu. Mwangalie tangu sasa, kwa sababu ndiye atakayefunga hadithi.

Jeff, aliyechezwa na Robert Mitchum, si Bailey. Ni Jeff Markham, zamani mpelelezi wa kulipwa huko New York. Tuseme wazi kazi hiyo ni ipi: si polisi na si mtu wa usalama wa serikali. Ni mtu anayekodiwa na mwenye feza ili amtafutie kitu au mtu, na deni lake ni kwa aliyemlipa.

Kosa lake la kujificha ni la kitoto. Alibadili jina la ukoo akabaki na la kwanza, kisha akaliandika juu ya barabara kuu ambayo kila msafiri anapita. Joe alipita. Watu wa Likasi wanajua namna jina la zamani linavyokataa kufa: mji umekuwa Likasi miaka mingi sasa, na bado utamsikia mzee akisema Jadotville bila hata kujishtukia. Jeff alitegemea kwamba Bridgeport ingemsahau Markham. Lakini Bridgeport haikuwahi kumjua Markham, kwa hiyo haikuwa na cha kusahau. Waliomjua walikuwa kwingine, na hao hawakusahau.

Nusu inayosimuliwa

Joe ameleta ujumbe: bosi wake, Whit Sterling, anamwita Jeff nyumbani kwake, kando ya ziwa Tahoe. Whit amechezwa na Kirk Douglas, akiwa bado mwanzoni kabisa mwa kazi yake ya sinema, na kwa maoni yetu ndiye anayetisha kuliko wote kwa sababu anatabasamu. Usiku huo Jeff anamchukua Ann, msichana wa Bridgeport anayetaka kumuoa, na ndani ya gari anamwambia kila kitu.

Hapa inaanza ile mbinu ambayo walimu wa fasihi huiita kisengerenyuma, yaani hadithi kurudi nyuma kwenye mambo yaliyopita. Zingatia jambo moja: kila unachokiona katika sehemu hii kinatoka mdomoni mwa Jeff. Unasikia sauti yake juu ya picha. Kathie, mwanamke aliyempenda, unayemwona Mexico, katika jua na mwanga wa bahari, ni Kathie kama Jeff alivyomwona alipokuwa amelewa mapenzi. Sauti ya msimuliaji ikinyamaza na gari likafika Tahoe asubuhi, hakuna tena anayekusimulia. Kuanzia hapo mambo yanatokea mbele ya macho yako, na Kathie anabadilika sura. Hakubadilika yeye. Aliyekuwa akikuonyesha ndiye ameondoka.

Anachosimulia Jeff ni hiki. Kathie Moffat, aliyechezwa na Jane Greer, alimpiga Whit risasi, akatoroka na dola 40,000. (Hapa hatuhitaji kubadili kwa franka, Lubumbashi tunajua uzito wa dola, na hizo ni za mwaka 1947.) Whit hakufa. Akamkodi Jeff amrudishe mwanamke pamoja na feza.

Namna Jeff anavyompata inastahili kutazamwa taratibu. Anakwenda Harlem, kwenye klabu, kumwona Eunice aliyekuwa mfanyakazi wa Kathie. Eunice anamlinda bibi yake na kusema amekwenda Florida. Lakini katika maongezi inatoka kwamba Kathie alichanjwa kabla ya safari. Jeff anaondoka ameshajua: hakuna anayechanjwa ili aende Florida, ambayo ni ndani ya Marekani. Chanjo ni ya mpaka. Aliyewahi kuvuka Kasumbalesa akaulizwa kadi ya manjano ataelewa haraka kuliko mtazamaji wa New York. Hii ndiyo karatasi ya kwanza kabisa ya filamu, na hatuioni kamwe.

Anamkuta Acapulco, na badala ya kumrudisha, anampenda. Kwenye ufuko, kati ya nyavu za wavuvi, Kathie anaapa kwamba hakuchukua feza, na kumuuliza Jeff kama anamwamini. Jeff anajibu kwamba hajali. Yeyote anayetafsiri filamu hii kwa sauti mbele ya watu asiteleze hapa. Ukisema "nakuamini, mpenzi," umeiua filamu. Jeff hakusema anaamini. Alisema haimhusu. Ni mwanamume anayejua kwamba huenda anadanganywa na amechagua kutouliza, na mambo yote yatakayompata yanatoka kwenye neno hilo moja.

Kitabu cha benki

Wanarudi na kujificha San Francisco. Mwanzoni wanatoka usiku tu, wanakwenda sinema ndogo ndogo. Baadaye wanazoea, wanakwenda kwenye mashindano ya farasi, na huko anawaona Jack Fisher, mshirika wa Jeff wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi ya Whit. Fisher anamfuata Kathie hadi kibanda cha porini na kudai sehemu yake ili anyamaze. Wanaume wanapigana ngumi. Jeff ameshamzidi nguvu, pigano limekwisha, na ndipo Kathie anampiga Fisher risasi. Angalia uso wa Jeff: hakuna aliyeomba risasi ile.

Kathie anaondoka na gari. Ameacha kitabu chake cha benki. Jeff anakifungua: kimeandikwa dola 40,000.

Kisha Jeff anamzika Fisher. Wengi huuliza kwa nini katika filamu nzima Jeff haendi polisi kusema ukweli. Jibu liko kwenye shimo hilo. Kabla ya kuzika alikuwa shahidi wa mauaji. Baada ya kuzika amekuwa mtu aliyesaidia kuyaficha, na hata leo sheria za nchi nyingi zinalihesabu hilo kuwa kosa. Kuanzia hapo hawezi kumtaja Kathie bila kujitaja.

Fundo la San Francisco

Sasa turudi pale watu wanapopotea. Jeff amefika Tahoe asubuhi, na kwenye meza ya chai anamkuta Kathie amesharudi kwa Whit. Whit hana kelele. Anasema Jeff ana deni, na atalilipa kwa kazi moja: kuna Leonard Eels, mhasibu wa San Francisco, anashika hesabu zinazoonyesha Whit alivyoikwepa kodi ya serikali, ile tunayoiita impo, na sasa Eels anataka kulipwa ili anyamaze. Jeff akazichukue.

Kwa nini jambazi anayeua watu aogope karatasi za impo? Kwa sababu Al Capone wa Chicago, pamoja na maiti zote zilizohusishwa na jina lake, alifungwa mwaka 1931 miaka 11 kwa kukwepa kodi. Mashahidi wa mauaji hutishwa au hutoweka. Hesabu zilizoandikwa hazitishiki. Mtazamaji wa mwaka 1947 hakuhitaji kuelezwa hilo.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo ufunguo: Whit ana Joe, ana watu wengine, kwa nini amtume Jeff? Kwa sababu kazi ni mbili na Jeff ameambiwa moja tu. Hesabu zitachukuliwa, naam. Lakini Eels naye atauawa, na Joe ndiye atakayemuua. Kifo kikitokea polisi watatafuta muuaji, na Whit amewaandalia mmoja. Katibu wa Eels, Meta Carson, anamleta Jeff nyumbani kwa bosi wake kwa kisingizio cha kinywaji. Jeff anashika glasi. Alama za vidole zimebaki kwenye nyumba ya mtu atakayeuawa usiku huohuo.

Alama peke yake hazitoshi. Polisi watauliza sababu: Markham alikuwa na ugomvi gani na mhasibu? Hapo inaingia karatasi ya ile aina ya pili, na ndiyo iliyochanganya watu wengi. Whit amemlazimisha Kathie kutia sahihi tamko la kiapo kwamba Jeff ndiye aliyemuua Fisher. Tamko hilo limewekwa kwenye kasha la chuma la ofisi ya Eels. Fikiria polisi wakifungua kasha la marehemu: wanakuta karatasi inayomtaja mtu aliyewahi kuua, wakati alama za vidole vya mtu huyohuyo ziko kwenye glasi ya marehemu. Sababu imepatikana yenyewe: Eels alikuwa na siri ya Markham, Markham akamnyamazisha. Watu wa huku wanasema kubambikwa kesi. Hii imebambikwa na fundi.

Kwa hiyo usichanganye. Hesabu za impo zinamtisha Whit. Tamko la kiapo linamtisha Jeff. Ziko mahali pamoja, kwa Eels, na hiyo ndiyo sababu jicho linazichanganya. Mwenye hesabu anaweza kumbana Whit. Mwenye tamko anaweza kumbana Jeff. Na Kathie, aliyetia sahihi, anataka kusimama upande wowote utakaoshinda.

Jeff ananusa mtego mapema na kuuvuruga kwa kitendo kimoja: anauhamisha mwili wa Eels na kuuficha. Bila mwili hakuna kesi. Ndiyo maana kuna onyesho la ajabu ambapo Kathie anapiga simu akiomba mtu akaangalie kama Eels yuko nyumbani. Anataka mwili ugunduliwe. Anaambiwa hakuna mtu, na uso wake unabadilika. Ukiijua mipango ya Whit, onyesho hilo la simu ni tamu sana. Usipoijua, ni mwanamke anayeongea na simu tu.

Jeff anazinasa hesabu kabla hazijamfikia Whit, na kutaka wabadilishane: hesabu kwa tamko. Lakini anachelewa. Muda si muda anatafutwa kwa vifo viwili, cha Eels na cha Fisher. Hebu tuhesabu hapa, kwa sababu watazamaji wengi hutoka wakiamini Jeff ni muuaji. Katika filamu nzima wanakufa watu sita. Fisher, Whit na Jeff mwenyewe wanauawa na Kathie. Eels anauawa na Joe. Joe anakufa mtoni: amemlenga Jeff bunduki kutoka juu ya mwamba, na Kijana anarusha ndoana ya kuvulia samaki, inamnasa mkono, anamvuta chini. Kathie anauawa na polisi. Jeff hajaua hata mmoja, na ndiye mwenye jina kwenye karatasi zote.

Yanayobaki yanakwenda mbio. Jeff anamwonyesha Whit kwamba Kathie ndiye aliyemtuma Joe bila ruhusa, wanapatana kwamba Joe abebe mzigo wa Eels na Kathie akabidhiwe kwa polisi kwa kifo cha Fisher. Jeff akitoka kwenda kumwona Ann, Kathie anampiga Whit risasi, na safari hii hakosei. Whit akifa, mapatano yamekufa naye. Kathie anampa Jeff mambo mawili: tuondoke pamoja, au vifo vyote vikuangukie. Jeff anakubali. Kathie akiwa ghorofani anafunga mizigo, Jeff anachukua simu.

Jeff na Kathie hawakuweza kubaki hai, hata kama waandishi wangetaka. Tangu mwaka 1934 studio za Hollywood zilikuwa chini ya kanuni iliyokataza mhalifu kufaidika na uhalifu wake, na ofisi ya Joseph Breen, iliyoisimamia, ilisoma kila hadithi kabla ya kupigwa picha. Aliyeua lazima alipe, na aliyeficha mauaji pia.

Ukitaka kuionyesha kwa watu

Iwe sebuleni Katuba au kwenye ukumbi wa parokia, mambo machache huiharibu filamu hii zaidi ya zingine. La kwanza ni mwanga. Mpigapicha wake, Nicholas Musuraca, alikuwa ameshafanya giza la namna hii na Tourneur katika Cat People ya mwaka 1942. Nyuso nyingi zina mwanga upande mmoja tu. Kama pazia halizuii jua, weusi wote unakuwa kijivu, na onyesho la pigano kibandani, ambalo limeangazwa na moto, halionekani kitu. Ngoja giza la nje lifike, zima hata balbu ya mlangoni.

La pili ni umbo la picha. Filamu ni karibu mraba: upana ni mara 1.37 ya kimo. Televisheni za sasa huivuta ijae kioo, na Mitchum, aliyekuwa na mabega mapana tayari, anageuka kabati. Zima mvuto huo kwenye rimoti. Kwenye pazia la mita 2 kwa upana, la umbo la televisheni, picha sahihi itachukua kama mita 1.54, na kila upande ubaki na weusi wa sentimita 23. Watu watalalamika kwa dakika tano, kisha watasahau.

La tatu ni muda. Diski iliyotoka Ulaya inaweza kuandikwa dakika 93. Haijakatwa, mfumo wa zamani wa televisheni za Ulaya huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, na dakika 97 zinasinyaa hivyo. Ikiwa chini ya 93, hapo ulizia. Betri au jenereta iandaliwe kwa saa mbili kamili, maana umeme ukikatika katikati ya San Francisco hakuna atakayeweza kurudi kwenye kamba.

Anayetafsiri asimamishe picha mara mbili tu: kitabu cha benki kinapofunguliwa, na Kathie anapotaja tamko la kiapo. Akisimamisha zaidi, watu wanaanza kupiga soga. Ni vizuri pia kuandika ukutani, kabla ya kuanza, majina Whit, Fisher, Joe na Eels pamoja na kazi ya kila mmoja. Wanaume wanne wenye kofia za aina moja ni wengi kwa mtu aliyekaa nyuma.

Kijana anapotikisa kichwa

Mwisho kabisa Ann anamuuliza Kijana: Jeff alikuwa anaondoka na yule mwanamke? Kijana anatikisa kichwa: ndiyo.

Watu hubishana hapa, lakini ushahidi uko wazi. Jeff ndiye aliyepiga simu. Kizuizi cha polisi barabarani ni matokeo ya simu hiyo, na Kathie akikiona anaelewa mara moja na kumpiga Jeff risasi ndani ya gari. Mtu anayetoroka na mpenzi wake haiti polisi kwanza. Kijana anadanganya, na anadanganya kwa makusudi, ili Ann asikae miaka kumi akimlilia maiti. Ann anaingia kwenye gari la Jim, yule aliyempenda tangu utoto wao hapo Bridgeport, na wanaondoka.

Kijana anabaki peke yake mbele ya kituo. Anainua macho kwenye kibao, anatabasamu kidogo na kukipigia saluti. Markham yuko kwenye karatasi za polisi kwa makosa ya watu wengine. Kwenye kibao bado kumeandikwa Jeff Bailey, na hakuna aliyekuja kukishusha.